Kitabu Kilichoazimwa na Waziri

Kitabu cha Fizikia cha kidato cha nne cha nchi nzima kilikuwa kimeazimwa, na aliyekiazima hakukirudisha. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza siku thelathini na nane. Binti yangu Sikudhani alikuwa mmoja wa watahiniwa.

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwa woga. Ni nchi yenye tabia ya kubadilisha majina, na sitaki hadithi yangu ichakae mapema.

Mgeni ataniuliza inakuwaje nchi nzima ikawa na kitabu kimoja cha Fizikia. Swali zuri. Naweza kulijibu kwa sababu mimi ni tarishi wa Shule ya Sekondari ya Mlimawima. Nimebeba barua za serikali miaka ishirini na miwili, na anayezibeba huijua serikali kuliko anayeziandika. Anayeziandika hakai kwenye benchi kusubiri majibu.

*

Waziri wetu wa Elimu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Gervas Mtandika, alisafiri siku tisa ng'ambo kwenda kutazama shule zisizo na vitabu. Sisi tulishangaa kidogo, maana shule zisizo na vitabu tulikuwa nazo tele, tena karibu na barabara. Lakini aliporudi alitueleza kwamba zile za huko hazina vitabu kwa makusudi.

Vitabu vyao, alisema, vinakaa kwenye wingu. Si wingu la mvua. Ni kompyuta kubwa mno zilizofungiwa kwenye jumba mahali fulani, na mwanafunzi popote alipo anafungua kishikwambi chake na kitabu anakikuta hapo. Mimi niliyeishia darasa la sita nilielewa mara moja. Tena nilipenda, nasema kweli. Sikudhani alikuwa akisoma kitabu kimoja cha Fizikia na wenzake saba, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa upande wa pili wa meza, alizoea kusoma maandishi yakiwa kichwa chini. Alitaka kwenda chuo cha mafundi wa mashine za hospitali. Chuo hicho hakimpokei mtu asiyefaulu Fizikia.

Siku ya uzinduzi uwanja ulijaa. Waziri alizungumza saa mbili na robo.

"Ndugu wananchi," alisema, "tangu leo maktaba ya taifa hili haina ukuta, haina paa na haina mchwa! Mtoto wa mkulima na mtoto wa Waziri watakutana katika ukurasa mmoja! Yupo asiyetaka?"

Hakuwepo. Askari walikuwa wengi.

Na kwa sababu taifa haliwezi kuwa la kale na la kisasa kwa wakati mmoja, vitabu vyote vya karatasi vilikusanywa kutoka shule zote na vyuo vikuu vyote. Malori mia moja na sita. Waziri alichoma boksi moja kwa mkono wake mbele ya kamera. Yaliyobaki alikabidhiwa mzabuni akayachome mwenyewe kwa wakati wake.

Kisha Waziri akafungua kitabu cha kwanza cha wingu, Fizikia kidato cha nne, ukurasa wa kwanza, kwenye skrini iliyokaribia ukubwa wa goli. Akaletewa daftari, akasaini kwamba amekiazima. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha.

*

Daftari lile ndilo lililotumaliza, kwa hiyo nitalieleza.

Baada ya wingu kununuliwa, serikali ilijiuliza ni nani atalitunza. Ikaonekana kwamba ndani ya wingu mna nyaraka, na nyaraka za serikali, tangu siku ya uhuru, ni mali ya Masijala Kuu. Basi wingu likakabidhiwa kwa Msajili Mkuu wa Nyaraka, Bwana Lutengano Fumbuka, ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kupoteza faili hata moja.

Siri yake ilikuwa nyepesi. Faili moja, mtu mmoja. Ukitaka faili unasaini daftari, jina lako linaandikwa, na pale kwenye rafu inawekwa kadi inayoonyesha faili liko kwako. Mwingine akilitaka, anasubiri ulirudishe na usaini tena. Ndiyo kazi, na aliifanya vizuri.

Kampuni iliyouza wingu ilimtuma mhandisi, dada mmoja aitwaye Rehani, aje amfundishe. Nilikuwepo siku hiyo, nimekaa benchi nasubiri muhuri.

"Mzee, uzuri wake ni huu," alisema Rehani. "Kitabu kikiwa humu, watu laki moja wanaweza kukisoma kwa pamoja."

"Laki moja?"

"Hata milioni."

"Ukurasa ukipotea, katika hao milioni nitamkamata nani?"

"Haupotei, mzee. Kila mmoja anaona nakala."

"Hizo nakala zimegongwa muhuri na nani?"

Rehani akautazama muhuri uliokuwa mezani.

"Mwanangu," Bwana Fumbuka akamwambia kwa upole kabisa, "umesoma, nami naheshimu. Lakini faili lililo mikononi mwa watu wawili halina mwenyewe. Hiyo milioni iondoe. Weka mmoja."

Akaweka mmoja. Nilisikia baadaye kwamba kazi hiyo ilimchukua wiki tatu, kwa sababu mashine zile hazikuwa zimewahi kuombwa jambo kama hilo tangu zitengenezwe.

Tangu siku hiyo utaratibu ukawa rahisi. Shule ikitaka kitabu cha wingu, inamtuma mtu makao makuu kwa basi. Anasaini daftari la karatasi, kwa kuwa saini ya kweli haiwezi kukaa kwenye wingu, na kitabu kinafunguka shuleni kwake kwa siku tatu. Zikiisha, anakwenda tena kwa basi kusaini kwamba kimerudi. Shule ni mia sita na kumi na moja. Mlimawima tulipata Jiografia mwezi wa tatu na Baiolojia mwezi wa sita.

Fizikia hatukupata. Kila Mwalimu Nkwabi wa Fizikia alipobonyeza, kishikwambi kiliandika: *Faili hili liko nje. Mwazimaji: Waziri wa Elimu.*

*

Elimu iliingia Mlimawima kupitia karanga.

Nje ya lango la shule anakaa Bi Mwanahawa, muuza karanga. Anazikaanga mwenyewe na kuzifunga kwenye karatasi kama pembe. Siku moja Sikudhani alikula karanga, akataka kuitupa karatasi, akaona mchoro wa kigari na mishale. Akaikunjua. Ilikuwa ukurasa wa 88 wa kitabu cha Fizikia kidato cha nne.

Mzabuni, kumbe, hakuona sababu ya kuchoma kitu kinachouzika kwa kilo.

Kufikia Jumamosi kidato cha nne kizima kilikuwa kinakula karanga. Bi Mwanahawa hajui kusoma, lakini wiki haikwisha alikuwa anajua mtaala.

"Shikamoo Bi. Umeme upo?"

"Marahaba. Umeme uliisha jana jioni, mwanangu. Kuna joto, na kuna hii ya kioo na mishale."

"Hiyo ninayo. Nibadilishie."

"Nibadilishe na karanga umeshakula? Lete kwanza karanga."

"Bi Mwanahawa, wewe mchoyo kuliko maktaba!"

"Maktaba iko wapi? Mimi nauza karanga. Elimu nawapa bure, na serikali ilisema hivyo hivyo."

Mwalimu Nkwabi, mtu mkavu asiyecheka, alitundika orodha ubaoni: kurasa tulizonazo, kurasa tusizonazo. Watoto walileta, wakanakili kwenye madaftari, wakapeana. Mtu mwenye ukurasa wa msuguano alikuwa na marafiki wengi. Somo lilianza ukurasa wa 41, likarukia 88, likarudi 52. Mwalimu akawa anasema, "Hapa katikati kuna kanuni ambayo bado haijaliwa. Tuendelee."

Walikuwa wamepita kurasa tisini Mkuu wa Shule aliponiita. Aliniambia karanga ni jambo zuri lakini si mpango. Niende makao makuu nikafuate kitabu chenyewe.

*

Benchi la Masijala Kuu ni refu, na siku hiyo lilijaa hadi mlangoni. Nilikaa karibu na bwana mmoja wa makamo aliyevaa koti la kitabibu. Alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, anafundisha madaktari.

"Unasubiri nini, daktari?" nilimuuliza.

"Kitabu cha mwili wa binadamu. Chuo cha kilimo wanacho."

"Wa kilimo? Wanakitakia nini?"

"Waliandika jina la faili vibaya. Walitaka la ng'ombe. Sasa wanaona haya kulirudisha kabla siku hazijaisha, itaonekana hawakuwa na haja nalo."

"Na wanafunzi wako?"

"Tulikuwa nacho siku tatu mwezi uliopita. Tulisoma haraka sana. Tulitoka kichwani tukafika kiunoni."

"Chini ya kiuno je?"

"Chini ya kiuno tunasubiri." Akafuta miwani yake. "Mwaka huu wanahitimu sitini. Wewe ukiumwa goti, nenda kwa wale wa zamani."

Saa nane mchana niliitwa. Bwana Fumbuka alinipokea vizuri, akafungua daftari, akanionyesha saini ya Waziri Mtandika, kubwa, imevuka mistari mitatu.

"Kitabu kipo," alisema. "Unataka kukiona?"

Aligeuza skrini yake. Kilikuwepo. Ukurasa wa kwanza, umefunguka kama ulivyoachwa siku ya uzinduzi. Niliweza kusoma neno *Yaliyomo*.

"Sasa si ukifunge tu, bwana, na sisi tukifungue?"

"Nikifunge mimi? Nimekiazima mimi?"

"Hapana."

"Anayerudisha ni aliyechukua. Niletee saini ya Waziri wa Elimu."

Hapo palikuwa na jambo dogo. Wiki mbili baada ya uzinduzi, Mheshimiwa Mtandika alikuwa amehamishiwa Wizara ya Mifugo.

Nilikwenda Mifugo kwa miguu, ni jirani. Katibu wa Waziri alinisomea orodha ya makabidhiano: viti kumi na viwili, mapazia jozi sita, birika moja la umeme, picha za Rais mbili, moja ya kutabasamu. "Mheshimiwa alikabidhi kila kitu cha Elimu," aliniambia. "Akisaini leo kama Waziri wa Elimu atakuwa amejiteua. Unajua adhabu yake?"

Nikarudi Elimu. Waziri mpya alikubali kuniona akiwa amesimama, anatoka.

"Kwenye orodha niliyopokea mna kitabu?" aliniuliza.

"Hamna, Mheshimiwa."

"Basi sikukipokea. Nikirudisha nisichopokea, kesho watauliza nilikipokea lini. Na birika lenyewe halichemshi, waambie."

Nilirudi kwa Bwana Fumbuka jua limeshuka. Nikamweleza. Alisikitika kweli. Alisema ipo njia moja, kukitangaza kitabu kimepotea, lakini polisi hawatoi karatasi ya upotevu kwa kitu kinachoonekana. Alikuwa amekwishajaribu. Walikuja, wakakitazama kwenye skrini, wakampongeza kwa kukipata.

Nilikuwa nimechoka, na mimi nikichoka mdomo wangu hauna kizuizi. Nikasema, "Sawa. Wakubwa wagombane, watoto wetu wataendelea kusoma kwenye karanga."

"Kwenye nini?"

"Karanga, bwana."

Alivuta kiti. Akaagiza chai, akanimiminia mwenyewe. Akataka kujua zinauzwa wapi, na nani, kurasa ngapi, tangu lini. Aliandika kila nilichosema kwa mwandiko mzuri sana. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna ofisi ya serikali iliyowahi kunisikiliza vile. Nilitoka pale nimejaa matumaini. Nilidhani tunasaidiwa.

*

Lori lilikuja siku ya kumi na tisa kabla ya mtihani, na askari wanne na karani mmoja wa Masijala. Karani alisoma waraka kwa sauti: nyaraka za serikali zimekutwa nje ya masijala, zikigawiwa kwa umma bila kusainiwa.

"Nyaraka gani?" Bi Mwanahawa aliuliza.

"Hizo."

"Hizi karanga?"

"Zilizozifunga."

"Basi chukueni karatasi, niachieni karanga."

"Haiwezekani, mama. Karanga ni kielelezo. Zinaonyesha nyaraka zilitumikaje."

Wakapakia gunia la karatasi, ungo, jiko na karanga. Wakampakia na yeye. Vielelezo vya karanga, nasikia, viliisha kabla kesi haijatajwa.

Wakaingia na darasani. Kurasa tisini na saba zilihesabiwa mbele ya Mwalimu Nkwabi, zikafungwa kwa kamba, zikagongwa muhuri, na karani akamshukuru kwa kuzipanga vizuri. Madaftari ya watoto hawakuyagusa, kwa sababu mwandiko wa mwanafunzi si waraka wa serikali. Karani akamwambia Mwalimu asihuzunike: sasa kurasa zile ziko salama, na shule inaweza kuja kuziazima wakati wowote, moja moja.

Jioni Sikudhani alikuwa amekaa jikoni, daftari lake magotini. Hakuwa analisoma.

"Baba, nani aliwaambia?"

"Mimi."

Alilifunga daftari.

"Na jina lake ulilitaja?"

"Niliulizwa."

"Ukiulizwa si lazima ujibu, baba."

Nimefundishwa kubeba barua na kuzifikisha, na hiyo niliifikisha.

*

Mtihani ulifanyika siku iliyopangwa. Uliletwa kwa gari la polisi, kwenye mabahasha yaliyofungwa kwa lakiri. Ulikuwa wa karatasi.

Msimamizi kutoka makao makuu alikuwa amesimama mlangoni, nikamuuliza kwa adabu kwa nini mtihani haukuwekwa kwenye wingu pamoja na vitabu.

Akanishangaa. "Mtihani wa taifa? Tuuweke mahali ambapo hatupaoni? Mzee, kuna mambo ya kuchezea na mambo ya kweli."

*

Hesabu yenyewe ni hii.

Watahiniwa wa Fizikia Mlimawima walikuwa arobaini na tatu. Aliyefaulu, hakuna. Nchi nzima walifaulu mia moja na tisa, wote kutoka shule nne zilizochelewa kupakia vitabu vyao kwenye malori. Wakuu wa shule hizo nne wameshushwa vyeo kwa kuchelewa. Mwalimu Nkwabi ameandikiwa barua moja ya onyo kwa matokeo mabaya. Niliibeba mimi.

Bi Mwanahawa alikaa ndani siku sitini na nne. Jiko hajarudishiwa. Nilikwenda kumwomba radhi siku aliyotoka, na yeye ndiye aliyeniambia hilo la mwisho nitakaloliandika.

Kitabu kina kurasa mia tatu na kumi na mbili. Watoto walipata tisini na saba. Mtihani ulikuwa na maswali kumi, kila swali alama kumi, na kufaulu ni alama thelathini na tano. Maswali matatu yalitoka kwenye kurasa zile tisini na saba. Sikudhani aliyajibu yote matatu bila kosa hata moja. Thelathini.

Swali la nne lilihusu kapi, kamba inayopita kwenye gurudumu kunyanyua mzigo. Limo ukurasa wa 203. Bi Mwanahawa aliupata alfajiri ya siku ile lori lilipokuja. Hakuufungia karanga. Aliona mchoro mpya asiowahi kuuza, akaukunja mara mbili, akauweka chini ya ungo ili Sikudhani akija saa nne auchukue.

Lori lilikuja saa tatu.